Gadimaladi Asiye na Mgonjwa

Chini ya kitanda, dunia yote ilikuwa miguu. Godelieve alilala chali juu ya mkeka wake, mchana kweupe, katika chumba cha wanawake cha disipanseri ya Baraka, akawa anaitambua inayopita: viatu vya ngozi vya muganga Norbert, vinavyolia kila hatua, visigino vya mama mmoja wa Lweba, vilivyopasuka kama shamba la kiangazi, miguu ya watoto, isiyokanyaga bali kugusa tu. Juu yake mama yake mkubwa aligeuka. Waya wa kitanda ukaimba, ukanyamaza. Mwanga wa ziwa uliingia mlangoni, ukapanda ukuta, ukatetemeka kwenye mabati ya dari, na ukiutazama sana mwanga ule chumba kilianza kuelea, vitanda na watu wake wote, polepole, kuelekea upande wa rasi ya Ubwari.

"Godeliva," sauti ikashuka kutoka juu. "Umelala?"

"Hapana, mama mukubwa. Mi niko."

"Ule uji ulibakia, nafikiri mi naweza kuujaribu."

Akatoka chini ya kitanda, akapasha uji.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na Baraka kazi hiyo ina jina: gadimaladi. Neno lenyewe ni la Wazungu, lakini watu walikuwa wameshalilea mpaka likawa la nyumbani, kama mtoto wa kuokota anayejua jikoni kuliko wenye nyumba. Disipanseri ilikutolea dawa na kitanda. Maji, chakula, kuogeshwa, kugeuzwa ubavu, kutetewa kwa jirani anayekoroma, hayo yote yalikuwa ya ndugu yako uliyekuja naye, yule anayelala mkekani chini yako. Vijana wa sokoni walikuwa na mzaha wao: ukiingia pale bila gadimaladi, utapona ugonjwa ufe njaa.

Na kila ukoo una mtu wake. Katika ukoo wao alikuwa Godelieve. Alianza na mama yake mzazi, akiwa bado msichana mdogo wa shule ya misheni, na mama alipofariki ni kama watu walisahau kumwambia ainuke. Akaja mjomba na mguu wake. Akaja binamu na uzazi wake mgumu. Ndugu akikohoa mara mbili huko Lweba, Baraka walikuwa wameshaanza kutafuta mkeka wa Godelieve. Hakuna aliyemlazimisha, tuseme ukweli. Ila hakuna aliyemuuliza pia. Wenzake aliosoma nao walikuwa na nyumba, wengine na duka, mmoja na cherehani. Yeye hakuwa hata na kitanda. Vitanda alivyovijua, alivijua kwa upande wa chini.

Kule chini alikuwa na ndoto zake za macho wazi. Alijiona amesimama. Basi, hiyo tu: amesimama kando ya kitanda, ameshika mkono wa mtu na kuhesabu mapigo, halafu kengele inalia na anakwenda kwake, na mwisho wa mwezi kuna mshahara wenye jina lake. Ndoto yenyewe haikuwa na kelele. Ilipita kama mtumbwi wa mbali, ambao makasia yake huyasikii.

Siku ile viatu vya Norbert vilisimama kwenye ukingo wa mkeka, kisha uso wake ukaja juu chini, kama ndizi kwenye mkungu. Norbert alikuwa muganga wa disipanseri, mtu mpole, mpenda habari, na habari aliyoleta ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliinama kuisema. Mwaka huu wasichana wanatafutwa kwa shule mbili. Ya kwanza ni ya masere, watawa wa kike wa misheni, shule ya wakunga, kule Albertville, kusini, kando ya ziwa. Masere wangepokea majina parokiani Jumapili. Ya pili ni ya Serikali, huko juu Fizi, kwa hospitali mpya inayojengwa, na ni mara ya kwanza kupokea wanawake. Mtihani wake ungekuwa wiki hiyo hiyo. Lazima achague. Aliyetoa jina kwa masere, Fizi hawampokei.

"Na ile ya Fizi," Godelieve akauliza, "inafundisha kazi gani?"

Norbert akakuna shingo. "Inaitwa shule ya gadimaladi," akasema, akatabasamu kidogo, kwa sababu na yeye ni mtu wa Baraka.

Jioni hiyo habari ilifika nyumbani kabla yake. Nyumba ya mama mdogo wake Suzanne haikukosa watu. Suzanne alikuwa Mkatoliki wa kuimba kwaya, mumewe, jina lake Waziri, alikuwa Mwislamu wa familia za zamani za pwani ya Baraka, mwenye mashua. Nyumba ilisherehekea Noeli na Idi, na katikati ya hizo ilisherehekea mtu yeyote aliyepita na kikapu cha ndakala, dagaa wa ziwa. Wavuvi, wauza chumvi, wajomba wa wajomba, wote walikuwa uani wakila, na katikati yao jirani yao Georgette, ambaye hakuna aliyewahi kumuona akipika kwake.

Georgette ndiye aliyelipasua neno. "Shule ya gadimaladi?" akasema, mkono kifuani. "Banafundisha nini huko? Kulala chini ya kitanda?"

Ua ukaanguka kwa kicheko. Mmoja akasema mtihani utakuwa wa kunusa. Mwingine akasema mwaka wa kwanza wanasoma kubeba chungu cha haja kikiwa kitupu, wa pili kikiwa kimejaa. Godelieve alicheka na yeye, ungefanya nini, lakini mashavu yalimwaka. Kesho yake kicheko kilikuwa kimefika mwalo wa samaki, na wasichana wawili waliokuwa wakifikiria Fizi wakakana kwamba waliwahi kufikiria.

Suzanne alikwisha kuamua. Mkunga, alisema, ni mtu. Mkunga ana kitambaa cheupe kichwani, anaitwa kwa heshima, anarudi nyumbani na kuku chini ya kwapa. Watoto wa mji mzima watampigia magoti. Gadimaladi anapigiwa magoti na nani? Akaeleza hayo mara kadhaa, kila mara kuku wakiongezeka, na wageni wakitikisa vichwa kwamba kweli, kweli kabisa.

Waziri alikula mpaka akamaliza, akanawa. Hakuwa mtu wa kukata maneno ya mkewe mbele ya watu. Alizoea kuyaacha yachoke yenyewe.

"Mi sijue mambo ya masomo," akasema. "Mi najua muzigo. Tangu kiangazi nabeba bintu ya ile hopitali, kutoka Albertville mupaka hapa. Bitanda ya chuma. Kila safari, bitanda, ya batu bakubwa. Kitanda ya mutoto sijabeba hata moya. Sasa, kama kule Fizi banajipanga kulaza batu bote bale, bataita nani kwa kubaangalia?"

Georgette akasema watoto huzaliwa kila siku, hiyo kazi haiishi. Waziri akakubali. Lakini wa kuwapokea wapo, akasema; maternite ya hapa, nyumba ya kuzalia, ina wanawake wawili, wote vijana, wote wana afya kama ngalawa mpya, na wala hakuna anayewaza kuondoka. Wasichana wakirudi kutoka Albertville na vyeti vyao, watakaa barazani wakingoja nani augue? Shule si mlango wa kuingilia tu. Tazama na mlango wa kutokea, nani anakungoja pale.

Watu wakaitikia kwa adabu, kisha wakarudi kwenye kuku wa Suzanne.

Godelieve alikuwa ameshika bakuli na hakula. Akili yake haikuwa pale. Aliviona vitanda vya Waziri, vimelala kwa safu ndani ya mashua, vyeupe, bila magodoro, bila watu, vikipanda na kushuka na mawimbi. Upepo ulipita ndani ya waya zake na waya zikaimba zote pamoja. Hakuna aliyekuwa amelala juu. Hakuna aliyekuwa chini. Vilimngoja.

"Mi naenda Fizi," akasema.

Suzanne akamtazama, akatazama wageni, akaona macho yao yote yako kwake. Hakugomba. Alikuwa mwanamke ambaye akishindwa katika neno hulipiza kwa ukarimu. Kama mtoto wa dada yake anakwenda kuwa gadimaladi, basi ataingia Fizi kama gadimaladi kamili, Wazungu waone kwamba Baraka wanajua kazi. Mkeka wa chini ya kitanda cha mama mkubwa, akasema, ataulalia yeye mwenyewe. Siku mbili alifunga mzigo: sufuria yenye mfuniko, mkeka mpya, makala, yaani makaa ya kupikia, ndani ya gunia dogo, unga wa muhogo, ndakala, chumvi katika jani, mwiko, kikwembe cha kumfunikia mgonjwa akipata baridi. Georgette, pamoja na kicheko chake chote, akaleta upawa. Hakuna mtu hata mmoja katika nyumba ile aliyeona kuna kosa. Waziri mwenyewe, mtu wa akili, ndiye aliyeibeba sufuria mpaka kwenye kamiyo, lori la kwenda Fizi.

Ilikuwa kamiyo ya pamba, inayoshuka na magunia mazito na kupanda na matupu. Walimkalisha juu ya magunia hayo. Nyuzi za pamba zilizobaki zilianza kuruka gari lilipokwenda, zikamzunguka, zikakaa kwenye nywele na kope, na barabara ilipoanza kupanda, kona baada ya kona, ziwa likawa linamezwa chini yake, jembamba, halafu la buluu, halafu ni wazo tu. Ubwari ililala ng'ambo kama mtu aliyejifunika mpaka kichwani. Alihisi baridi, akajifunika kikwembe cha mgonjwa.

Fizi ilikuwa ndani ya ukungu. Nyumba za ofisi zilijitokeza na kupotea, mikaratusi ilidondosha maji, na moshi wa tanuri za matofali haukujua ukungu unaishia wapi. Hospitali mpya ilikuwa nusu: chumba kirefu chenye paa, chenye harufu ya chokaa, madirisha yakiwa bado matundu tu. Kando yake ilikuwa disipanseri ya zamani, na mbele ya disipanseri ua uliojaa wanawake, mafiga, vyungu na watoto.

Kwenye ngazi ya jengo jipya alisimama karani, kaptula iliyopigwa pasi, soksi ndefu. Godelieve akamkaribia, sufuria kichwani, mkeka kwapani.

"Bwana karani, mi niko gadimaladi. Natoka Baraka."

"Naona," karani akasema, bila kumtazama mara ya pili, na kwa kidevu akamwonyesha ua. "Kule, na benzako."

Akaenda kule. Akawakuta wenzake kweli: wanawake wamekaa kila mmoja na moto wake, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na sufuria na mkeka, Godelieve alijua amefika mahali penyewe pa mtihani. Alishukuru moyoni kwamba Suzanne alimfungia mzigo vizuri. Akatafuta nafasi, akapanga mafiga, akawasha makala. Wasichana wachache waliovaa viatu, pamoja na wavulana, walikuwa wakiingia kwenye chumba kirefu mikono mitupu, akawahurumia. Watapika na nini?

Mzungu mmoja, masere anayefanyia Serikali kazi, mwenye vazi jeupe na miwani, alitokea barazani, akautazama ua. Godelieve alinyoosha mgongo. Alikoroga uji wake kwa utulivu wa mtu anayekorogea Askofu. Masere akaingia ndani. Labda ameona, akafikiri. Labda hivyo ndivyo wanavyochagua, kwa mbali, bila kukuambia.

Uji ulipoiva hakukuwa na mtu wa kumpa, na hilo lilimsumbua. Mtihani wa gadimaladi bila mgonjwa unawezekanaje? Akageuza kichwa. Barazani, chini ya tundu la dirisha la jengo jipya, kulikuwa na mama mzee peke yake juu ya jani la mgomba, mguu umefungwa kitambaa, kilemba chekundu kimechakaa. Mbele yake hakukuwa na kitu. Godelieve akachota bakuli, akampelekea.

Alikuwa Mama Marthe wa Swima. Kidonda cha mguu kilimpanda mpaka gotini; mtoto wake alimleta, akarudi ziwani kwa sababu nyavu hazina likizo, akaahidi kutuma mtu. Mtu hajafika. Tangu hapo amekuwa akiishi kwa mabaki ya vyungu vya wengine, na leo asubuhi karani amemuuliza kwa ukali gadimaladi wake yuko wapi.

Mzee alikunywa uji hadi mwisho, akaushika mkono wa Godelieve na bakuli pamoja.

"Bakikuuliza, sema we iko wangu," akasema. "Bila gadimaladi batanirudisha."

"Sawa, mama."

"We iko wangu?"

"Ndiyo, mama. Mi niko wako."

Alisema kwa wepesi, kama unavyopokea sahani kwa mtu. Alikwisha kuwa wa wengi. Akamfungua kitambaa, akakiosha, akamgeuza aelekee mahali ambapo jua, kama lingetoka, lingempata. Mikono ilifanya yenyewe. Yeye alikuwa kwingine, katikati ya nyuzi za pamba.

Ndipo karani akatoka ngazini, akaweka mikono mdomoni. Jengo lilikuwa tayari, masere amekaa, na yeye alikuwa ameambiwa awaite watu wa mtihani, akawaita kwa jina lao.

"Magadimaladi bote, muingie!"

Ua mzima ukasimama.

Hawakuuliza. Mtu wa Serikali akiita, unakwenda, na pengine ni chumvi inagawiwa. Walijitwika vyungu, wakafunga watoto mgongoni, mmoja akabeba na makala yake yanayowaka juu ya kigae ili moto usizimike, na wote wakapanda ngazi wakimpita karani kulia na kushoto, huku akipunga mikono kama mtu anayezuia mbuzi. Godelieve alikuwa katikati yao, sufuria kifuani. Chumba kirefu kilijaa harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Wasichana wenye viatu walibanwa ukutani. Mama mmoja wa Lweba, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, aliona meza safi, akatua chungu chake juu yake, akamsalimu masere, akamuuliza habari za kwao.

Masere alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wanawake walikuwa bado wapo.

"Ninyi ni nani?" akauliza, kwa Kiswahili cha kitabu.

"Gadimaladi," wakajibu pamoja, kama kanisani.

Ilichukua muda. Karani alijieleza kwa Kifaransa, masikio yamemwiva. Masere akaanza kukohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Kisha akaeleza kwa upole. Wao wanatunza ndugu zao, ni kazi njema. Shule hii inatafuta watu wa kutunza wagonjwa ambao si ndugu zao, kwa ajili ya hospitali, kwa mshahara. Neno ni moja, watu ni wawili. Basi, kila mwenye mgonjwa wake atoke nje, tafadhali. Asiye na mgonjwa abaki.

Karani, kwa kuwa hakuamini tena neno lolote, alianza kuwapitia mmoja mmoja. Mugonjwa wako nani? Mume wangu, akasema yule wa Lweba, ngiri imemkalia vibaya. Akajitwika chungu chake, akatoka. Mugonjwa wako nani? Dada. Mugonjwa wako nani? Mutoto wangu wa mwisho. Wakatoka, wakitaniana, na nafasi ikazidi kufunguka kuwazunguka waliobaki, na sakafu mpya ikaonekana, nyeupe.

Godelieve alitazama dirishani. Halikuwa na ubao wala kioo. Chini ya tundu lile aliona kilemba chekundu, kilichochakaa, karibu kiasi kwamba angeweza kuunyoosha mkono akakigusa. Kilikuwa kimetulia kama kitu kinachosikiliza.

"Na we? Mugonjwa wako nani?"

Kila kitu kikawa mbali. Aliwaona wote, mama yake, mjomba na mguu wake, binamu, mama mkubwa, kila mmoja juu ya kitanda chake, vitanda vikielea kwa safu, na chini ya kila kimoja mkeka wake ule ule. Aliona jinsi jibu litakavyomtoa: mlango, ngazi, ua, kamiyo ya pamba, Baraka, kicheko cha Georgette, halafu kikohozi cha mtu huko Lweba. Neno moja tu la kweli, maana alikuwa ameshaahidi, na mtu aliyeahidiwa yuko hapo chini ya dirisha.

"Siko na mugonjwa," akasema.

Karani akatazama sufuria. "Na hii?"

"Ni ya kwetu."

"Nilikuona barazani na ule mama."

"Siko na mugonjwa," akarudia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ikafika kona zote za chumba kile kitupu, ikatoka nje.

Kilemba hakikusogea.

Mtihani wenyewe baadaye aliukumbuka kama kitu alichosimuliwa. Alisomeshwa ukurasa, akaandika yaliyotamkwa. Masere aliigeuza mikono yake juu na chini. Alimuuliza kwa nini hakuchagua ukunga kama wasichana wengine wa huko chini, na Godelieve, ambaye njia nzima alikuwa ametunga jibu la kupendeza, alisema tu kwamba vitanda vimefika. Ikabidi aeleze: mume wa mama yake mdogo ana mashua, amevibeba yeye, ni vya watu wazima vyote, kwa hiyo kazi iko huku. Masere alimtazama kwa muda. Akauliza kama huyo mume wa mama yake mdogo alijua pia magodoro yatafika lini, kwa sababu yeye hajaambiwa.

Alipotoka, moto wake ulikuwa na mtu. Mama wa Lweba alikuwa ameketi pale, ameinjika chungu chake kwenye mafiga ya Godelieve, anasonga bugali kwa makala ya Suzanne, na anasema na ua mzima kwa wakati mmoja. Akamwambia Godelieve asijisumbue. Yule mzee amepata mtu. Amekwenda mwenyewe kwa karani kumwambia kwamba wagonjwa wake ni wawili, mume ndani na mama barazani, na kama karani hataki, aje abishane naye. Karani hakutaka kubishana. Mtu anayesonga kwa wawili, akasema yule mama, anaweza kusonga kwa watatu. Kuna uji wako umebakia, ule.

Godelieve akaenda barazani, akachuchumaa. Mama Marthe alikuwa akitafuna ndakala polepole, akitoa miiba kwa vidole.

"Nilikusikia," mzee akasema.

Godelieve alitaka kumweleza habari ya neno, jinsi lilivyo moja na watu ni wawili, jinsi ukitoka katika lile la kwanza ndipo unapoingia katika la pili. Ndani ya kichwa ilikuwa wazi kabisa. Akakiona kitambaa cha mguu kimelegea, akakifunga.

"Sauti yako haikutetemeka," Mama Marthe akasema tena, akachukua ndakala mwingine.

Godelieve akangoja mzee aongeze kitu, jambo lolote ambalo lingemwonyesha kama amesifiwa au amesutwa. Mzee alikuwa na njaa, akala.

Alikuwa amefaulu: walimwita kutoka upande wa pili wa jengo jipya akapimwe sare. Pale barazani fundi wa nguo, mzee mwembamba mwenye pini mdomoni, alikuwa ameweka cherehani yake juu ya kasha, na kando yake limekunjwa gora la kitambaa cheupe. Wasichana wawili wa viatu walikuwa wakimaliza kupimwa. Fundi hakumpongeza wala kumuuliza jina. Alimwambia ainue mikono.

Godelieve akaiinua, yote miwili, kwa upande, kama walivyofanya wale wawili. Fundi akazungusha utepe kifuani, akanong'ona na pini zake, akapima bega, akaanza kuufuata mkono. Jioni ilikuwa inaanza kukolea na ukungu ulikuwa ukirudi kutoka chini, kutoka upande wa ziwa lisiloonekana, ukipita kati ya mikaratusi, ukiingia barazani bila kubisha.

"Mwenyeji wa chini, utanenepa huku juu," fundi akasema. "Niache nafasi?"

Hakuna nguo aliyowahi kushonewa kwa kipimo cha kesho. Kutoka upande ule mwingine alisikia mama wa Lweba akimwita mtu aje kula, na mtu akijibu, sauti ya kizee, kwamba anakuja, mguu ndio unachelewa.

"Acha nafasi," akasema.

Fundi akaenda kutafuta chaki. Hakumwambia ashushe mikono, na yeye hakuishusha. Ukungu ulimfikia viwikoni, kisha viganjani, laini, wenye baridi, ukawa unachukua kidole kimoja kimoja.